Toleo Lisilokatwa

Nilikata mwenyewe. Sina wa kumsingizia.
Mwaka ule wa giza, Unguja miezi mitatu
tukilalia mishumaa, kwaya ya Mbweni ikatangaza
usiku wa kuabudu: hakuna kiingilio, njoo na kiti chako.
Mimi nikaja na kinasa sauti cha betri
na jenereta la kuazima Kiembesamaki.

Kanda waliyoinunua watu ilikuwa dakika hamsini na nane.
Safi. Ungedhani malaika wamepiga mswaki.
Nyimbo kumi, kila mmoja umenyolewa mwanzo na mwisho
kama kichwa cha mtoto wa arubaini.
Wakanisifu. Padri akanunua tano.

Mwaka huu kaja Monika, binti Blandina,
kasimama mlangoni, hakutaka hata maji.
"Mjomba Farijala, unayo ile yote?"
Ile yote.
Nikapekua kabati, chini ya nyaya na chaja zilizokufa,
nikaipata: saa tatu na dakika kumi na moja.

Kwanza, dakika nne za viti.
Kisha kikohozi cha mzee Songoro, kile cha kona mbili;
tumemzika mwaka wa sita huu
na bado anakohoa palepale, kabla ya sala,
kama anayemwonyesha padri njia.
Tangazo: mwenye gari nyeupe,
umemzibia Bi Zuwena mlango, na mkaa wake uko nje.
Mtoto analia, analia, ghafla halii.
Amepewa ziwa.

Wimbo wa sita Blandina anauanzia juu mno,
sauti inapanda hadi mahali pasipo ngazi,
inasimama huko peke yake,
kisha anacheka.
Mbele ya msalaba na watu mia, anacheka.
"Nisameheni, nimeparamia. Tushuke."
Na watu mia wakashuka naye.
Kicheko kile nilikikata, sekunde tisa,
nikidhani namsitiri.
Monika alikirudisha mara saba.
Ya nane nilitoka nje.

Saa ya pili jenereta likanywa tone lake la mwisho.
Kinanda kikafa, maikrofoni zikafa,
kinasa changu hakikuambiwa.
Sauti ikajivuta mbali kama bamvua linavyokupwa,
ikabaki ya vifua tu,
na pambio moja wakalishika gizani dakika ishirini na tano,
ubeti wa tatu umewapotea, wanaurudia wa kwanza,
nao wa kwanza kila ukirudi umekuwa mwingine.
Haya nayo niliyatupa. Niliandika pembeni, kwa penseli:
"hitilafu ya umeme."

Ndipo hodi.
"Hodi hapa. Mimi Haji Vuai, jirani.
Ndiyo kwanza natoka sala ya isha,
nikasikia mashine yenu imekata.
Chukueni hii, ya vespa,
ila mnibakishie ya kwendea kazini."
Dumu linagonga sakafu. Mtu anasema, Mungu akulipe.
"Alipe, lakini mnibakishie."
Miaka yote hii hakuwemo ndani ya kanda.
Alitoa petroli ya nusu ya usiku ule,
nami nikamtoa yeye.

Sasa ninayo kwenye flashi, nimeandika juu kwa wino mzito
TOLEO KAMILI, na watu wananiuliza mbona refu.
Mwanakwaya mmoja kasema linachosha.
Linachosha, simbishii.
Hata usiku wenyewe ulichosha; akina mama walivua viatu,
padri alisinzia, nimeisikia pumzi yake
karibu na maikrofoni ya pili.

Robo saa ya mwisho haina wimbo.
Viti vinakunjwa. Mtu anauliza
nani kabaki na ufunguo wa mlango mkubwa.
Na karibu, karibu kabisa na kinasa,
sauti ninayoitambua kwa aibu
inanung'unika lile pambio, nje kabisa ya ufunguo,
huku kidole chake gizani
kikitafuta pa kubonyeza.